Fungu la Kulwa

Asubuhi ile nyumba iliamka bubu. Siku zote, kabla Doto hajafungua macho, kila kitu kilikuwa kimeshaanza kusema: birika likitangaza kwamba maji yamechemka, geti likitaja nani amepita nje, friji likilalamikia maziwa yaliyobaki. Leo palikuwa na kimya ambacho hakuwa amekisikia tangu utoto wake, kimya chenye kuku wa jirani ndani yake na mtu anayefagia mbali. Alilala akikisikiliza, akidhani bado anaota. Kisha akakumbuka sikio la mama yake, akaruka kitandani.

Bi Nyamizi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake, kidole kimoja nyuma ya sikio la kulia, pale alipokaa Mnong'onezi. Kalikuwa kadude kadogo kama punje ya hindi, kameshikamana na ngozi. Kila asubuhi kalimnong'oneza: leo ni siku gani, hapa ni nyumbani kwako Tabora, mumeo alishafariki, dawa ya presha hujanywa, na huyu anayeingia mlangoni ni Doto. Kalisema kwa sauti ya Bi Nyamizi mwenyewe, iliyochukuliwa kabla ugonjwa wa kusahau haujamtafuna, ndiyo maana hakukabishia hata siku moja. Alidhani anawaza.

Lakini maneno yale hayakukaa ndani ya punje. Yalikaa kwenye ghala la kumbukumbu, upande wa pili wa nchi, pamoja na kumbukumbu za wazee wengine wote waliosahau, na yalikuja nyumbani kwa waya. Sasa kidole cha mama kilibonyeza, kikabonyeza tena, na hapakuwa na kitu.

Akageuza uso. Akamtazama Doto mlangoni, akakunja paji, akamtazama tena. Halafu uso wote ukafunguka.

"Kulwa! Kulwa mwanangu, umefika saa ngapi?"

Doto alibaki ameshika kitasa.

Pacha wake alikuwa amefariki miaka kadhaa iliyopita, huko Mpanda alikoolewa, kwa homa iliyomchukua kabla treni la Doto halijafika. Doto ndiye aliyemzika. Mama hakwenda, wiki ile miguu yake ilivimba hata ndala hazikuingia.

"Mama, mimi Doto."

"Hebu acha utani wako." Bi Nyamizi alicheka. "Mchezo wenu ni huo huo tangu mkiwa hamna meno. Njoo nikuone. Ee, umekonda! Huko Mpanda hawali?"

Kilichomuuma Doto si jina. Watu walikuwa wakiwachanganya maisha yao yote, yeye na Kulwa, na mwishowe huwa unaitika tu. Kilichomuuma ni sauti. Ilikuwa laini, imepambwa, kila neno limewekwa kama kikombe cha mgeni juu ya sahani yake. Sauti ile aliijua. Aliisikia miaka mingi, mama akizungumza na Kulwa kwenye simu sebuleni, huku yeye akiosha vyombo jikoni. Yeye anayemwogesha mama, anayemkata kucha, anayemchujia uji, hakuwahi kusemeshwa kwa sauti hiyo. Yeye aliambiwa: Doto, funga mlango. Doto, chai imepoa.

Aliketi kitandani ili aseme tena, taratibu, kwamba yeye si Kulwa. Mama akamshika mashavu kwa mikono yote miwili, akayapapasa.

Doto akaacha ashikwe.

*

"Hodi! Nasema hodi kwa mdomo leo, maana geti lenu limekufa kama langu!"

Alikuwa Bi Siwema, jirani wa ukuta mmoja, na mkononi ameshika jiko la mkaa lililojaa vumbi. Geti lilikuwa limegoma katikati, wala halifungiki wala halifunguki, na ilibidi Doto alisukume kwa bega mpaka likalia. Akaliwekea jiwe la kusagia la zamani lisirudi.

"Shikamoo, Bi Siwema."

"Marahaba. Umesikia? Katapila la wachimba mtaro limekata waya mkubwa kule barabarani. Mtaa mzima hoi. Simu zote zimekuwa vioo. Mzee wangu amekaa anatazama ukuta, anausubiri umsomee habari. Nikamwambia baba watoto, huo sasa ni ukuta tu." Akacheka peke yake. "Nikasema hawa na jiko lao la gesi la kuomba ruhusa kwa waya watakula nini? Nikaleta hili. Mama Kulwa hajambo?"

Mama Kulwa. Mtaa mzima ulimwita hivyo. Mama wa mapacha huitwa kwa jina la aliyetangulia kutoka, na Kulwa alimtangulia Doto kwa muda wa kuchemka maji tu, lakini muda huo ulitosha. Doto alikuwa amefikisha umri wa mvi bila kuwa na mama kwa jina.

"Hajambo," alisema. "Ila leo ananiita Kulwa."

Bi Siwema akaacha kucheka. "Na wewe unaitika?"

Doto akainama kulipuliza jiko.

Moto ulipokolea, Bi Nyamizi alitoka ndani mwenyewe, akavuta kigoda, akakaa. Kwa miaka alikuwa hapiki. Kila alipousogelea moto, Mnong'onezi alimwambia kaa mbali, utaungua, na yeye alitii. Leo hakuambiwa. Mikono yake ikaanza kufanya kazi bila kumwuliza. Ikatafuta sufuria, ikaosha michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, ikavitia majini, ikatwanga karanga, ikaonja chumvi kwa ncha ya ulimi. Doto alitazama kama mtu anayetazama picha ya zamani ikitembea.

Chakula kilipoiva Bi Nyamizi akapakua bakuli la kwanza, limejaa mpaka ukingoni. "Chako hiki, mama." Akapakua la pili. "Hiki cha Doto, kitie kwenye hotipoti. Asipokuta fungu lake atanuna mpaka Ijumaa."

Nyumba hiyo haikuwahi kununua kitu kimoja. Mapacha hawapewi kimoja: kanga mbili za rangi moja, viatu jozi mbili, hata dawa, aliyeugua akinywa mwenzake alilambishwa. Lakini Kulwa ndiye aliyechagua kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa. Doto akajifunza kupima kwa macho. Kipande cha muhogo, urefu wa pindo, muda ambao mkono wa mama ulikaa juu ya kichwa cha mwenziwe. Hakuwahi kusema. Alipima tu.

Akajikuta anauliza, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya Kulwa, yenye kicheko kidogo mwishoni.

"Kwani Doto ana nini, mama?"

Bi Siwema alimtazama kwa jicho kali. Doto akamrudishia macho ya kuomba. Jirani akajipangusa, akainuka. "Mie nakwenda kumtazama mzee wangu na ukuta wake," akasema, akaondoka.

"Doto ana wivu," alisema Bi Nyamizi, akichochea mkaa. "Hilo tusifichane. Alitoka nyuma yako kakunja ngumi. Mkunga akacheka, akasema huyu anakuja kudai chake. Ukimpa kitu anakitazama, halafu anatazama chako. Mpaka leo."

Doto aliondoa macho kwenye hotipoti.

"Basi inakuwaje unakaa naye?"

"Sikai naye. Yeye ndiye anakaa na mimi." Mama akapuliza bakuli lake. "Nikwambie kitu, na usikasirike. Wewe nakusemesha kwa sauti ya wageni. Unajua hilo? Ukifika tu naanza kuwaza utaondoka lini. Naogopa nisije nikasema neno baya likawa ndilo la mwisho. Ndiyo maana nayachagua maneno, nayafuta vumbi. Doto sina haja ya kumpambia. Doto ni mkono wangu huu. Mtu anauamkia mkono wake? Anauambia tu, shika, na unashika."

"Umewahi kumwambia hayo?"

"Nimwambie nani? Mkono?" Bi Nyamizi akacheka mpaka akakohoa.

Doto alikuwa ameyasubiri maneno hayo tangu alipojifunza kupima. Yalipokuja, yalipewa Kulwa. Hata sifa zake mwenyewe zilipitia kwa Kulwa kwanza, azipokee, azionje. Akamwonea wivu marehemu palepale, bakuli la moto mkononi, wivu mbichi kama wa mtoto wa chekechea, na akala fungu la Kulwa mpaka akaliramba bakuli.

*

Kesho yake, jua likiwa limepanda, fundi alifika na ngazi begani. Kijana mrefu, shati limelowa jasho, jina lake Luhende.

"Wenzangu wanaunga waya kule mtaroni," alisema akifungua kisanduku cha ukutani. "Kabla ya saa za chakula hiki kitawaka kijani. Mna mgonjwa wa Mnong'onezi humu, dada?"

"Mama yangu."

"Tangu jana Mnong'onezi hajasema kitu?"

"Hata neno."

Luhende alikuna kidevu. "Basi nikueleze usije ukashtuka. Mnong'onezi akikatika kwa muda mfupi, anaendelea alipoachia. Akipitisha usiku, haendelei. Anaanza upya. Anamsomea mgonjwa ukweli wa nyumba wote, tangu mwanzo, kama siku ya kwanza alipovishwa."

Doto aliikumbuka siku ya kwanza. Aliandika ukweli wa nyumba mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyewekwa kuwa msemaji wa nyumba: majina, tarehe, nani yu hai na nani hayupo. Mnong'onezi alipofika kwa Kulwa, mama alitoa ukelele uliowaleta majirani na mikeka yao, wakidhani kumetokea msiba mpya. Na kwa mama ulikuwa mpya. Ulikuwa mpya asubuhi iliyofuata, na ile nyingine, mpaka kwa kurudiwarudiwa moyo wake ukaota sugu mahali hapo, na akawa anatikisa kichwa tu.

"Hakuna namna ya kuliruka jina la pacha wangu marehemu?"

"Ipo. Msemaji wa nyumba ni nani, wewe?" Luhende akatoa kishikwambi mfukoni, akakipangusa vumbi, akamwonyesha. "Ukweli wa nyumba yenu naubeba humu, nimeuchukua ofisini kabla sijaja. Nikiwasha, humu ndimo atakamosoma. Unaweza kufuta. Unaweka kidole juu ya jina, unashikilia, basi. Watu wanafuta sana, dada yangu. Kuna mzee mmoja nilimwashia, wanawe walimfuta ndugu yao aliyekufa ajalini. Sasa mzee anakula, analala, ananenepa. Hajui kama aliwahi kumzaa."

"Akiuliza?"

"Ataambiwa hakuna. Na atakubali, maana ni sauti yake mwenyewe inamwambia. Hapa, kwa mfano, Mnong'onezi atasema: huyu ni Doto, mwanao. Basi."

"Na nisipotaka kiwashwe kabisa?"

"Hapo itabidi nitoe taarifa, na watu wa ustawi wa jamii watakuja. Mgonjwa haruhusiwi kukaa bila Mnong'onezi."

"Kufuta si dhambi?"

Luhende akatazama ngazi yake. "Mimi ni mtu wa waya, dada. Hayo mengine mnayajua wenye nyumba." Akatoka kwenda kukagua nguzo ya nje.

Doto alibaki na kishikwambi. Huyu ni Doto, mwanao. Basi. Neno basi lilikaa mdomoni mwake kama asali. Mama angeamka asubuhi akiwa na mtoto mmoja tu duniani. Angeipeleka wapi ile sauti nzuri, kama si kwake? Na nani angeumia? Kulwa hakuwa na kuumia tena. Mama asingelia. Ilikuwa huruma, ukiitazama kwa upande mmoja.

Upande wa pili aliuona vilevile, maana hakuwa mjinga. Akiacha jina la Kulwa, Mnong'onezi atamwua mbele ya mama yake, mchana huu huu, na yeye ndiye atakayesema washa. Wengine wangeita hiyo ni kusema kweli. Lakini Doto aliujua mkono wake. Jana mama alimshika mashavu Kulwa, na leo mkono ule ulikuwa na hamu ya kulipiza. Afute, amwondoe Kulwa. Asifute, amwondoe Kulwa. Alitafuta ndani yake njia moja ambayo wivu haukuwa umeshatangulia kukaa, hakuiona.

Akaweka kidole juu ya jina. Hajashikilia bado, akainua kichwa asikie mama yuko wapi.

Bafuni kimya. Chumbani kimya. Jikoni kigoda kilikuwa kitupu, na hotipoti haikuwepo mezani.

Geti lilikuwa wazi, jiwe la kusagia mahali pake.

*

Kwa siku za kawaida geti lisingemfungulia Bi Nyamizi akiwa peke yake. Lilimjua kwa mwendo. Lingemwambia kwa adabu arudi kivulini, na wakati huohuo lingemwita Doto popote alipo. Doto alikimbia njiani akiita kwa kinywa, kama watu walivyoitana zamani, akiuliza kila mlango. Kila mlango ulikuwa na mtu amesimama nje, maana hapakuwa na la kufanya ndani.

"Amepita na hotipoti," alisema mmoja. "Kuelekea kwa wachimbaji."

Alimkuta ukingoni mwa mtaro. Katapila lilikuwa limesimama, na chini kwenye udongo mwekundu mafundi walikuwa wamechuchumaa kuzunguka waya uliokatika, unene wake kama mkono wa mtoto. Bi Nyamizi aliwainamia, kanga imemwanguka mabegani, amekumbatia hotipoti kifuani. Alikuwa anaita.

"Dotooo! Doto wangu mzuri, toka basi. Fungu lako lipo. Hakuna aliyeligusa, nimelilinda mwenyewe. Doto mama!"

Ilikuwa ile sauti. Laini, imefutwa vumbi, kila neno limechaguliwa.

Doto alisimama hatua chache nyuma yake, pumzi zikimkata. Kumbe sauti ile haikuwa ya Kulwa. Ilikuwa ya yeyote asiyekuwepo.

"Mama," alisema. "Mama, nipo hapa."

Bi Nyamizi aligeuka, akamkamata mkono, akawaambia mafundi kwa haraka: "Anafanana na huyu. Huyuhuyu mnayemwona, ila ana macho ya kununa. Hamjamwona?"

"Hatujamwona, bibi," alisema fundi mmoja kwa upole, akiwa hajui acheke au la.

"Mama, ni mimi. Doto ni mimi."

"Nakuona, Kulwa, sitaki utani sasa." Mama akamkaza mkono. "Wewe ukija unaonekana, mtaa wote unajua umekuja. Mwenzio tangu jana hajala nyumbani. Nimeita chumba kwa chumba. Hajawahi kulala nje, huyu. Hajawahi. Nani ataniogesha? Nani anajua dawa zangu? Nisaidie kumwita, wewe una sauti."

Akamvuta mpaka ukingoni. Na Doto, asijue la kufanya, akaita. Waliita pamoja, mama na mwana, wakielekea kwenye shimo: Dotooo! Jina lilitoka kinywani mwake kama la mtu mwingine, likaenda, likapita juu ya katapila na mabati ya nyumba. Hakuna aliyeitika.

Hakujua kama angeweza kuliziba pengo lile kwa kufuta. Mama angeambiwa ana Doto tu, sawa. Lakini Doto ni jina la anayefuata. Anamfuata nani? Lingebaki jina limening'inia, na yeye peke yake duniani akijua liling'olewa wapi. Nani angekumbuka naye kicheko kile cha mwishoni? Nani angemwambia, hata kwa kumsema, kwamba alitoka amekunja ngumi?

Kulwa hakutakiwa kufutwa. Alitakiwa kuondoka, kama watu wanavyoondoka.

"Mama," alisema, na akaweka kicheko kidogo mwishoni, kwa shida. "Doto haji nikiwa nipo. Unamjua. Mimi naondoka leo. Nikishaondoka tu, utamwona huyo."

Bi Nyamizi akaishusha hotipoti kutoka kifuani. "Leo leo?"

"Leo leo, mama."

"Basi twende nikufungie chakula."

*

Kanga ya Kulwa ilikuwa chini kabisa ya sanduku, ile iliyorudi kutoka Mpanda baada ya maziko. Doto hakuwahi kuivaa. Alikuwa na ya kwake ya rangi hiyohiyo, imechujuka kwa moshi na sabuni; hii bado ilikuwa mpya, na siku ya kugawa nguo za marehemu aliionea wivu hata hii. Akajifunga.

Jikoni, mama alikuwa ametandika kitambaa, anapanga michembe juu yake na karanga za kukaanga pembeni. Luhende alisimama barazani, kisanduku nyuma yake kinawaka kijani.

"Dada, imerudi. Niwashe?"

"Subiri kidogo, fundi. Nina mgeni anaondoka."

Luhende akamtazama, akaitazama kanga, akamtazama mama. Akakaa kwenye ngazi yake.

Walitoka. Mgeni hasindikizwi mpaka mlangoni tu, anasindikizwa mpaka miguu ya mwenyeji ikatae, na miguu ya Bi Nyamizi siku hiyo ilikataa taratibu. Walipita nyumba ya Bi Siwema, ambaye alisimama kizingitini akaelewa, akaweka kiganja mdomoni. Walipita mashine ya kusaga. Mama alibeba fundo mwenyewe, hakutaka kusaidiwa.

"Ukifika piga simu, usikawie."

"Ninakokwenda simu hazishiki, mama."

"Nao waya wao umekatika?"

"Umekatika."

Bi Nyamizi alitembea kidogo. "Huko si ndiko aliko baba yako?"

Mama hakungoja jibu.

"Ukimkuta mwambie miguu inauma, lakini natembea. Mwambie na Doto yupo, ananitunza vizuri. Usisahau hilo la Doto. Wewe husahau."

"Sitasahau."

Walikuwa wamefika kona. Mama akampa fundo, akamfunga vizuri kanga begani, akamshika mashavu. Maneno aliyoyasema hapo yalikuwa machache na yalikuwa ya Kulwa, na Doto aliyapokea kama tarishi, bila kuyafungua.

"Haya nenda. Usigeuke, utaniliza."

Doto akaenda. Kwa mara ya kwanza tangu Mpanda, tangu udongo ule alioutupa kwa macho makavu huku akiwaza kwamba mama hata leo atamlilia Kulwa zaidi, alilia. Alilia akitembea, amevaa nguo ya ndugu yake, mgongo ukisikia macho ya mama yao. Ndivyo ilivyokuwa kuwa Kulwa, kumbe: unapendwa sana, na unaupa mgongo upendo huo kila mara.

Bi Siwema alikuja akamshika Bi Nyamizi mkono, akamrudisha. Doto alizunguka nyuma ya nyumba, akaingia kwa mlango wa uani. Akavua kanga ile, akajifunga yake ya moshi, akaficha fundo nyuma ya pipa la unga, akanawa uso.

"Umefuta?" aliuliza Luhende kwa sauti ya chini, akipokea kishikwambi.

"Sikufuta."

"Niwashe?"

"Washa."

Nyumba nzima ikasema kwa pamoja: birika, friji, geti lililotaka kujua jiwe lile limewekwa na nani. Sebuleni Bi Nyamizi aliinua kidole nyuma ya sikio. Midomo yake ilifuata maneno bila sauti. Siku. Tabora. Mumeo. Doto alisimama mlangoni, ameshika kitasa kama jana, akiutazama ule mdomo ukifika ulikokuwa unakwenda. Ukafika. Ukasimama.

"Najua," Bi Nyamizi aliiambia sauti yake mwenyewe. Machozi yalimshuka, lakini hakupiga ukelele. "Nimemsindikiza mwenyewe. Mpaka kona."

Akajifuta kwa pindo la kanga. Mnong'onezi akaendelea, na mama akageuza uso kuelekea mlangoni. Uso haukufunguka. Ulimtazama Doto kama mtu anavyotazama saa ya ukutani.

"Ulikuwa wapi? Chakula chako kimepoa. Na funga huo mlango, vumbi linaingia."

Doto akafunga mlango.

Jikoni alifungua hotipoti, akatoa na fundo nyuma ya pipa, akaviweka mezani sambamba. Alivipima kwa macho, kama alivyozoea. Cha Kulwa kilikuwa kingi zaidi. Msafiri huwekewa kingi. Alikitazama kidogo, akalifunga tena fundo vilevile mama alivyokuwa amelifunga, akavuta bakuli lake, akaanza kula.